Je, Wajua? Moshi wa Gari Una Saa Zake

Je, wajua kwamba injini inaweza kunywa lita nzima ya oili katika kilomita 1,000 bila wewe kuona wingu lolote la moshi nyuma? Piga hesabu. Lita 1 kwa kilomita 1,000 ni mililita 1 kwa kila kilomita, yaani matone 20 hivi, tone moja kila mita 50. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na injini ya silinda 4 inazunguka mara 2,500 kwa dakika, mafuta yatakuwa yamelipuka ndani ya silinda karibu mara 190 kabla ya tone hilo moja kuisha. Likigawanywa hivyo, kisha likapita kwenye ekzosi ya moto, jicho haliambulii kitu. Kwa hiyo "mbona gari langu halitoi moshi" si jibu la "oili inakwenda wapi".

Je, wajua kwamba kiasi hichohicho, lita 1 kwa kilomita 1,000, kimeandikwa kwenye vitabu vya mwongozo vya magari mengi ya Toyota kuwa ndicho kikomo kinachokubalika? Mtengenezaji amejikinga vizuri. Injini nzima hutumia kidogo sana kuliko hapo. Chukua 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi. Hubeba lita 3.7 tu za oili pamoja na filta. Ikinywa kwa kikomo cha kitabuni, sampu ingekauka kabla hujafika kilomita 4,000, na kibandiko cha sevisi kwenye kioo kinasema urudi baada ya 5,000.

Je, wajua kwamba taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ya magari mengi ya zamani haijui oili imebaki kiasi gani? Inapima presha. Ikiwaka ukiwa unakata kona, maana yake oili imekwenda upande mmoja wa sampu na pampu imevuta hewa. Beringi za kranki hazipendi hewa. Zima injini hapohapo, hata kama nyumbani ni mtaa wa pili.

Kijiti nacho hudanganya kikisomwa ovyo. Gari lisimame mahali palipo sawa, injini iwe imezimwa muda wa kutosha oili kushuka. Kichomoe, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Usomaji wa kwanza hauhesabiwi. Jaza mpaka alama ya juu, andika namba ya kilomita, tembea 1,000, pima tena palepale ulipopimia. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo unaweza kukadiria kwa jicho. Wengi wanaolalamika gari linakula oili hawajawahi kulipima hivi. Mafundi wengi wanaosema injini ishushwe nao hawajalipima.

Je, wajua kwamba oili ikizidi nayo huleta moshi? Kranki inayozunguka huanza kuichapa, inafanya povu, ukungu wake unavutwa kupitia njia ya kupumulia ya injini na kuingia kwenye hewa inayokwenda kuchomwa. Gari limetoka sevisi jana na leo linafuka? Anza na kijiti.

Je, wajua kwa nini moshi wa oili ni wa buluu? Sehemu kubwa yake haijaungua. Ni mvuke wa oili uliopoa na kuwa vitone vidogo mno, vidogo kiasi cha kutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, na anga nayo ni ya buluu kwa sababu hiyohiyo ya kutawanywa kwa mwanga. Ndiyo maana moshi huo unaonekana vizuri ukiwa na kitu cheusi nyuma yake: kivuli cha mwembe, ukuta wenye rangi nzito, lami iliyolowa. Ukiutazama dhidi ya jua unageuka kijivu au kahawia. Video iliyopigwa kuelekea angani na kutumwa kwa WhatsApp haimsaidii fundi hata kidogo.

Rangi basi inakuambia kinachotoka. Buluu ni oili, nyeusi ni mafuta yaliyozidi, nyeupe ni maji, au, kwa dizeli, mafuta ambayo hayajawaka. Hayo kila mtu kijiweni anayajua. Ninachoona kinapuuzwa ni saa. Moshi wa buluu unatoka lini? Swali hilo moja linaweza kukuokolea gharama ya ovaholi.

Ukitoka asubuhi tu, gari linapowashwa baada ya kulala, likapiga wingu moja na kusafika ndani ya nusu dakika, washuku sili za valvu. Usiku kucha oili iliyobaki juu ya silinda hedi imejipenyeza kwenye shina la valvu na kudondoka chini. Sili hizi ni vikofia vya mpira, na injini ya silinda 4 yenye valvu 16 inavyo 16. Joto la miaka mingi huvikausha mpaka vinakuwa vigumu, havikumbatii tena shina. Na wajua kwamba vinaweza kubadilishwa bila kushusha injini wala kufungua silinda hedi? Fundi huchomoa plagi, anaingiza kamba safi kupitia tundu lake, kisha anaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni iibane kamba hiyo chini ya valvu, ili zisidondokee ndani anapofungua springi. Wengine hutumia upepo wa kompresa badala ya kamba. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haina gasketi mpya ya hedi ndani yake. Ukiambiwa ni lazima injini ishuke kwa ajili ya sili, uliza kuhusu kamba.

Ukitoka baada ya mteremko, kisa ni hichohicho kwa njia nyingine. Unashuka Kitonga ukitokea Iringa, au unatoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, mguu hauko kwenye aksileta, gia ndiyo inayolishikilia gari. Njia ya hewa imefungwa, pistoni zinanyonya pasipo na cha kunyonya, na mvuto huo unaivuta oili kupitia sili na gaidi za valvu zilizolegea. Huko chini ukikanyaga tena, yote iliyokusanyika inachomwa kwa mkupuo mmoja. Wewe huoni, kioo kinaonyesha vumbi tu. Anayeona ni dereva wa nyuma, na ndiye wa kuulizwa mkisimama kununua mahindi.

Ukitoka kadiri unavyokanyaga, mlima au mzigo ukiuongeza, basi ringi za pistoni ndizo za kwanza kushukiwa. Moto wa silinda unapita kando ya pistoni na kushuka kwenye sampu, oili inapanda juu.

Ukitoka baada ya kusota kwenye foleni, dakika 10 umesimama Ubungo kisha unaondoka na wingu, rudi kwenye sili za valvu. Kama gari lina tabo, angalia pia mrija unaorudisha oili kutoka kwenye tabo hadi kwenye sampu. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili inayoingia isipopata pa kutokea, hupita kwenye sili na kuingia upande wa ekzosi au wa hewa. Tabo nyingi zimetupwa kwa kosa la mrija ulioziba.

Ukitoka saa zote, usikimbilie kukata tamaa. Kwanza tazama valvu ya PCV.

Je, wajua PCV ni nini? Hakuna ringi inayoziba kabisa. Kila mlipuko huachia gesi kidogo ishuke kwenye sampu, na gesi hiyo ni lazima itoke. Zamani ilikuwa ikitolewa nje kwa bomba, chini ya gari, barabarani. California ndiko walikoanza kudai, kwenye magari ya mwaka 1961, kwamba irudishwe ndani ya injini ichomwe, kupitia kivalvu kidogo chenye springi. Kivalvu hicho kikiganda kikiwa wazi, injini inanyonya ukungu wa oili bila kipimo. Kikiziba, presha inapanda ndani na kuisukuma oili itokee popote: kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye tundu la kijiti. Ni kifaa cha bei ndogo kinachofunguliwa kwa spana moja. Kichomoe, kitikise sikioni. Kikiwa kizima kwa kawaida husikika kikigonga ndani. Kikiwa kimya na kimejaa masizi, badilisha kwanza hicho, kisha pima tena kilomita 1,000 kabla ya kusikiliza habari za ringi.

Je, wajua kwamba ekzosi inatoa maji na hiyo ni kawaida? Petroli ni haidrojeni na kaboni. Haidrojeni ikiungua inakuwa maji. Lita 1 ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita 1. Mchana wa Dar yanatoka kama mvuke usioonekana. Alfajiri ya Njombe au Mbeya yanapoa na kuwa wingu jeupe, na bomba linadondosha matone mpaka lipate moto. Wageni wa baridi hupiga simu kwa fundi kwa hofu. Shida ipo pale weupe usipoisha injini ikishapata moto, maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, na moshi una harufu tamutamu ya kulanti. Hapo gasketi ya silinda hedi inahusika, au hedi yenyewe imepinda. Fungua kifuniko cha oili: ikiwa chini yake, na kwenye kijiti pia, oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Utando mwembamba chini ya kifuniko peke yake, kwa gari linalotembea safari fupifupi, mara nyingi ni unyevu tu. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Weusi ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha: filta ya hewa iliyoziba, nozo inayovuja, sensa ya oksijeni iliyokufa, na kwenye dizeli, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi na mtu aliyetaka lori lipande haraka. Weusi wa moshi una mpaka kipimo chake: Maximilien Ringelmann, profesa Mfaransa wa mwishoni mwa karne ya 19, alibuni kadi zenye mistari myeusi za kulinganisha na moshi wa mabomba ya viwanda.

Na je, wajua kwamba weusi huzaa buluu? Petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasuguana na chuma kikavu, na nyingine inashuka kwenye sampu. Kuna magari ambayo oili yake inaongezeka badala ya kupungua. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, usishangilie.

Jaribio la bure: injini ikiwa imepata moto, shika karatasi nyeupe sentimita chache nyuma ya bomba huku mwenzio akipiga resi mara mbili tatu. Iweke kivulini ikauke. Maji yatatoweka. Masizi yatabaki vumbi jeusi linalopeperuka ukilipuliza. Oili itaacha doa linalopitisha mwanga ukiinua karatasi juani, na doa hilo halikauki hata kesho.

Plagi zinasema zaidi. Fundi anayejua kazi huzichomoa na kuzipanga juu ya taulo kwa mfuatano wa silinda zake, ya kwanza hadi ya nne, asizichanganye. Tatu zina ncha ya kahawia iliyopauka na kavu. Ya tatu kwenye mstari inang'aa, imelowa, na nyuzi zake za skrubu zimejaa ukoko mweusi wenye mafuta. Sasa hatuzungumzii tena "injini imechoka". Tunazungumzia silinda namba 3. Ila angalia kwanza kama unyevu uko juu, pale kofia ya koili inapokaa, na si kwenye ncha. Wa juu unatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, na hauhusiani na ringi.

Gasketi hiyohiyo ndiyo chanzo cha moshi mwingine unaowatisha watu, ule unaopanda kutoka chini ya boneti ukisimama kwenye taa. Oili inachuruzika juu ya ekzosi ya moto. Inanuka, inafuka, na bomba la nyuma halina habari.

Je, wajua kwamba kipimo cha kompresheni kinaweza kutoka kizuri kwenye injini inayokunywa oili vibaya? Hapa wengi hupotea, tukae kidogo. Pistoni ya kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu zinashikilia presha. Ya tatu kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyotobolewa kwenye pistoni. Geji inayofungwa kwenye tundu la plagi inapima zile mbili tu. Ya tatu ikigandishwa na masizi, au vitundu vyake vikiziba, geji itasoma vizuri na oili itaendelea kupanda. Kijiko cha oili kinachomiminwa kwenye silinda kabla ya kupima mara ya pili husaidia kutofautisha ringi na valvu pale kompresheni ikiwa chini: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu. Kompresheni ikiwa nzuri tangu mwanzo, kijiko hicho hakikuambii kitu.

Ndicho kilichozikuta injini za 1ZZ-FE za mwanzo, zilizo kwenye Wish, Premio na Allion za 1.8. Vitundu vya kurudishia oili vilikuwa vidogo, vikaziba, ringi zikaganda. Pistoni zilifanyiwa marekebisho karibu na mwaka 2005. Halafu 2AZ-FE, ya Camry na RAV4 za 2.4, ikarudia kisa kwenye matoleo ya kati ya 2006 na 2011. Marekani, Toyota ilikubali kubadilisha pistoni na ringi bure, kwa muda maalumu, kwa gari lililopimwa na kukutwa linatumia zaidi ya kwati 1 kwa maili 1,200, yaani karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Linganisha na kikomo cha kitabuni.

Kwa hiyo ukienda Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka kununua injini ya mtumba iliyopitia Sharjah, uliza ni ya mwaka gani. 1ZZ ya 2001 iliyobadilishwa kwa 1ZZ nyingine ya 2001 ni ugonjwa uleule wenye rangi mpya.

Ringi iliyoganda wakati mwingine huachia. Kiyeyushio cha kusafishia masizi humiminwa kwenye matundu ya plagi, kinaachwa usiku kucha, injini inazungushwa plagi zikiwa nje, kisha oili inabadilishwa. Kama ukuta wa silinda umechanika, hakuna chupa itakayouziba.

Chupa nyingine ni za wauzaji. Oili nzito ya 20W-50, au dawa ya kuifanya nzito zaidi, hupunguza moshi kwa siku kadhaa, muda wa kutosha gari kupata mnunuzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda miaka 15, na Tanzania hutoza ushuru zaidi wa uchakavu, lakini hakuna sheria kati ya hizo inayosema lolote kuhusu gari ambalo limekaa nchini miaka 10 likibadilisha mikono. Ukienda kuliona, fika kabla ya muda mliokubaliana. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto kabla hujaliwasha, moshi wa asubuhi umeshatolewa bila wewe.

Je, wajua kwamba oili inayochomwa huua masega, yale ya kauri ndani ya ekzosi yanayosafisha gesi? Viungo vya oili vya kuzuia chuma kulika vina fosforasi, ambayo hufunika madini ya thamani yaliyopakwa humo. Na kinyume chake hutokea pia. Kwenye QR25DE za Nissan za mwanzoni mwa miaka ya 2000, masega yaliyokuwa karibu mno na injini yalijulikana kwa kumeguka, vumbi lake la kauri likavutwa ndani ya silinda na kuzikwaruza.

Dizeli yenye tabo ina hatari yake ya pekee. Oili ikivuja kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuanza kuichoma kama mafuta. Unazima swichi, haizimiki, inazidi kupanda resi, moshi unafunika barabara. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia ya juu na uachie klachi ili injini ife. Wengine huziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao. Kiganja usikitumie.

Kuna injini zilizozaliwa zikila oili. Trabant 601 ya Ujerumani Mashariki, ya viharusi viwili, iliyotengenezwa mpaka 1990, ilichoma mchanganyiko wa petroli na oili kutoka tenki moja. Mazda RX-8, iliyotoka 2003, haina pistoni kabisa. Ina pampu inayodondosha oili kwa makusudi ndani ya chumba cha moto ili kulainisha sili za rota. Anayekuuzia RX-8 akiapa kwamba haijawahi kuongezwa oili kati ya sevisi na sevisi, mwache aendelee nayo.